Sifuri za Mwalimu Klementina

Bariadi,
9 Februari 1997

Mwanangu Apolonia,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta huko Dar es Salaam ukiwa mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini hayo ni ya umri na tumeshazoeana.

Mvua hakuna. Tangu Krismasi ni jua tupu. Mahindi yamejikunja, pamba imedumaa. Dawa ya pamba siku hizi kila mtu anajinunulia kwa wafanyabiashara, na waliojikakamua kununua wanaitazama tu ikikaa ndani. Bustani yangu bado ina kijani kwa sababu naimwagilia maji niliyooshea vyombo na kufulia, kikombe kwa kikombe. Zamani watu wangenisifu. Sasa wanapita wakitazama chini.

Nikuambie ukweli, naogopa. Shida ni kile kipima mvua ulichonisimikia bustanini mwaka ule ulipoajiriwa ofisi ya hali ya hewa. Kila siku saa tatu asubuhi nafungua kufuli, natazama ndani ya kopo, naandika kwenye daftari la ofisi yenu kama ulivyonifundisha. Tangu Krismasi naandika sifuri. Juzi mke wa Bundala alichungulia juu ya uzio, akauliza huwa naandika nini. Nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe: "Naandika kwamba mvua hakuna." Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema Mwalimu anaandika mvua isinyeshe.

Unamkumbuka bibi Milembe, aliyekuwa akitusukia mikeka? Mwaka juzi alisema tu kwamba yale mawingu yatapita, na yakapita. Unajua walivyomkata mapanga, na tulimzika akiwa na hali gani.

Nishauri, na ujibu upesi.

Mayu wako,
Klementina


Dar es Salaam,
21 Februari 1997

Mayu,

Shikamoo. Jino nimeling'oa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Mengine ni salama.

Barua yako niliisomea kazini. Ningekuja leo hii, ila ofisi inapunguza watu. Chumba chetu tulikuwa saba, tumebaki watatu, na anayeomba ruhusa ni kama amejitaja mwenyewe. Njoo wewe ukae kwangu. Najua utasema nani atamwagilia nyanya. Ziache zife, Mayu.

Kama huji, basi fanya hivi. Mchukue Ndalahwa, si ndiye kamanda wa sungusungu sasa? Ulimfundisha darasa la nne. Mfungulie daftari alisome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, aone ni namba tu na hakuna siri. Mtu akishaona kitu kwa macho hakimtishi tena.

Mimi ndiye niliyekuletea kile chombo. Siku nzima nawaza hilo.

Mwanao,
Apolonia


Bariadi,
30 Machi 1997

Mwanangu Apolonia,

Salamu nyingi, na pole ya jino. Mimi nipo, na kwa sasa hilo pekee ni la kumshukuru Mungu.

Nilifanya ulivyosema. Ndalahwa alikuja na wenzake wanne, nikawapa viti. Alisoma kwa kidole, polepole, kama alivyokuwa akisoma shuleni. Kisha akauliza: "Mwalimu, siku ulizoandika sifuri, haikunyesha hata tone?"

Nikasema haikunyesha.

"Hata siku moja haikukosea?"

Nikasema, tena kwa majivuno, kwamba daftari langu halijawahi kukosea. Akawageukia wenzake. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, na maneno yalikuwa yameshatoka.

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. "Basi, Mwalimu, acha kuandika sifuri."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Bosi, mbwa wangu, amelazwa mlangoni na shingo imekatwa. Sikuhitaji kufafanuliwa. Siku hiyo sikuandika kitu. Siku ya pili nikaacha wazi, na ya tatu pia. Miaka sita sikuwahi kuacha nafasi, hata nilipougua malaria. Siku ya tatu mchana mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, ikanyesha milimita tisa.

Watu waliimba barabarani. Mke wa Ndalahwa aliniletea kuku, akamweka nje ya geti na kuondoka bila kubisha hodi. Mwanangu, yule kuku amenitia hofu kuliko yule mbwa.

Mayu wako,
Klementina


Bariadi,
4 Januari 1998

Mwanangu Apolonia,

Mwaka mpya umekukuta salama? Sijaandika siku nyingi kwa sababu kiangazi kilipita kwa utulivu, nikadhani wamesahau. Barua hii nampa Marcelo, kijana wa parokia, anajaribu kupita Mwanza kwa miguu na kwa magari, popote atakapopata pa kuvuka.

Umeyasikia ya mvua. Huku haijapumzika tangu Oktoba. Siku ya Krismasi kopo lilikuwa na milimita sitini na moja. Nyumba ya Bundala imeanguka, vyoo vimetitia, mahindi yameozea shambani. Bustani yangu sasa ni jaruba, ingefaa mpunga.

Jana walikuja watu kama ishirini, Ndalahwa mbele. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye tope, mtu mzima na ndevu zake.

"Mayu, tunaomba uandike sifuri."

Hakuniita Mwalimu. Nikamwambia kopo lina arobaini na tatu, nikamwonyesha. Hakulitazama. Akasema wananipa siku saba. Alilisema hilo kwa upole kabisa, na nyuma yake mapanga yalikuwa mikononi, hayakuwa kiunoni.

Nisipoandika, mimi ndiye ninayewazamisha. Nikiandika na mvua ikaendelea, nimewadanganya. Nikiandika ikakatika, hilo ndilo siwezi hata kuliwaza. Miaka thelathini nimewachapa watoto kwa kubuni majibu ya hesabu. Niambie niandike nini.

Mayu wako,
Klementina


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM, 8 JANUARI 1998

ANDIKA SIFURI MAYU. NITAREKEBISHA MWENYEWE OFISINI. RELI IMEKATIKA SIWEZI KUFIKA. ANDIKA. MWANAO


Bariadi,
8 Februari 1998

Mwanangu Apolonia,

Sijui nikusalimie vipi. Ni mzima, nakula, nalala kidogo.

Simu yako niliipata tarehe tisa. Kesho yake, siku ya saba, Ndalahwa alisimama kando yangu saa tatu. Kopo lilikuwa na ishirini na saba. Nikayamwaga maji, nikaandika sifuri, nikamwonyesha. Akashukuru.

Mvua ilikatika siku ya tatu.

Najua utakachosema, kwamba ni upepo na bahari, na kila mvua ina mwisho wake. Niliwaeleza hivyo hivyo. Walitikisa vichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Na nikuambie jambo ambalo sitamwambia hata padri: siku ile jua lilipotokea niliutazama mkono wangu wa kulia, na kwa muda mfupi nikauogopa.

Sasa hakuna anayenisalimia. Sijasikia mwangaluka kwa wiki nne. Mchicha wangu hawaununui, wanaogopa kuula. Kuku wanaachwa getini, na wiki iliyopita waliacha mbuzi. Akina mama wakipita hapa wanawafunika watoto macho kwa khanga. Nimetaka kuja kwako, nikafungasha kabisa. Nilipofika stendi, mke wa Bundala na wenzake walinipokonya mzigo wakaurudisha nyumbani, wakilia. Wanasema nikiondoka naondoka na mvua.

Ndiyo, mwanangu. Tangu siku ile haijanyesha tena. Leo ni siku ya ishirini na saba. Mahindi waliyopanda upya yameanza kujikunja.

Asubuhi hii Ndalahwa amekuja. Hakuingia, ameweka kalamu mpya juu ya nguzo ya geti. Wenzake wamekaa ng'ambo ya barabara, ni wengi kuliko mara ile. Jenifer, mwanafunzi wangu wa zamani anayesafiri leo, yupo mlango wa nyuma anaingoja barua hii, kwa hiyo naandika haraka. Saa tatu bado dakika kumi. Nimeshachungulia kopo, ni kavu, na buibui amejenga ndani.

Nimemuuliza Ndalahwa anataka nini. Amesema yeye hana la kunifundisha Mayu, anataka tu kujua leo nitaandika ngapi. Amesema hana haraka, atasubiri.

Mayu wako,
Klementina