Mswada, Chai na Abigael

Jumatano, 11 Juni 2025
Redio imesema kuna mswada bungeni. Serikali ipitie upya uhusiano na ile nchi ya Ghuba – ubalozi, biashara, kila kitu – kwa vile wanavyotendewa wasichana wetu walioenda kufanya kazi za nyumbani. Nimekaa chini. Abigael, mdogo wangu, yuko huko. Mkataba wake uliisha mwaka jana, tajiri wake amekatalia pasipoti. Hatimaye kuna mtu amewaona! Nikamwambia mume wangu, Geoffrey. Akamaliza uji wake, akauliza: na majani chai yetu atanunua nani?

Ijumaa, 13 Juni
Kituo cha kupimia chai, hapa Gesima. Mzee Osoro, mkurugenzi wa kiwanda chetu, ametuhutubia akiwa amesimama juu ya kreti. Eti nchi hiyo ndiyo mnunuzi wetu mkubwa. Alhamisi kuna kikao cha maoni ya wananchi Nyamira, twende tuupinge mswada. Basi lipo, soda ipo. Makofi. Hata Nyanchoka, aliyechuma chai na Abigael tangu wakiwa wasichana, alipiga. Nikauliza, na watoto wetu walio kule?

“Mama Jethro, hao walijipeleka,” Osoro akanijibu. “ Chai ndiyo inakulisha.”

Abigael alijipeleka kwa sababu hiyo chai haikumlisha. Ningesema hivyo palepale. Nilishindwa.

Jumamosi, 14 Juni
Sabato. Kanisani tumeombea soko la chai. Soko! Abigael hakutajwa.

Jumanne, 17 Juni
Amepiga. Ananong'ona bafuni, amefungulia maji asisikike. Nikampasha habari za mswada, nikidhani atafurahi. Akaniuliza:

“Dada, wakifunga ubalozi nitakimbilia wapi? Waambie waturudishe kwanza. Wagombane baadaye.”

Simu ikakatika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi.

Alhamisi, 19 Juni
Naandika nikiwa ukumbini, Nyamira. Watu wa chai wako upande wa pili na mabango yao. Mjumbe aliyeleta mswada amenishika mkono mbele ya kamera, akaniambia nilie kidogo, watu waone. Nilie! Nikampa maneno ya Abigael. Akasema hayo ni mambo ya kamati, mimi niseme tu naunga mkono. Osoro naye kaja: nikipinga, atampigia simu mtu anayemjua kwenye ubalozi wetu kule, Abigael asaidiwe. Kumbe miezi hii yote alikuwa anamjua mtu.

Karani anatangaza kwamba kila mtu aseme anaunga au anapinga, basi, muda hautoshi.

Sisemi moja wala lingine. Nitasema alichosema Abigael mwenyewe. Wakizima maikrofoni, nitasema bila maikrofoni.

Wameita jina langu. Geoffrey amevuka kutoka kwa watu wa chai, amenishika kiwiko. Sijui ananizuia au ananisindikiza –