Kamba Zangu na Ndege Wako, Mjomba

Karakana ya Kushona Nyavu,
Nyuma ya Gati Kuu,
Bandarini.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za kisiwani, habari za baridi, habari za yale magoti yako? Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Mama, yaani dada yako, anakohoa asubuhi na kugombana na majirani mchana, kwa hiyo usimtie wasiwasi. Kitinda mimba wangu ameanza shule na tayari anajua kutoroka. Naona amefuata upande wenu.

Barua yako ilifika imelowa pembeni lakini inasomeka. Niliisoma kwa sauti mezani, Mama akataka nirudie pale upepo ulipoezua kibanda chako. Alicheka weee, kisha akainuka akaenda jikoni kupangusa macho. Amekukumbuka sana, ila ukimwuliza atakana.

Uliniuliza swali moja, ukataka nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulisema shirika linataka usaini msimu mwingine wa kulinda viota, na kwamba utasaini ikiwa tu meli za huku kweli zinafunga kamba za kutishia ndege. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo limegeuka.

Nikueleze kwanza nilichokuwa nimejiandaa kukuandikia. Tangu mataifa yasaini ule mkataba, kwamba kila meli ya mshipi mrefu iwe na kamba yenye vitambaa vya rangi vya kupepea juu ya chambo, ndege waogope kusogelea ndoano, karakana yetu haijapumzika. Tunashona mpaka vidole vinaota sugu. Nikawa najiambia kila kamba inayotoka hapa ni ndege wa Mjomba wanaorudi nyumbani. Kilichonivimbisha kichwa zaidi ni kwamba hakuna kamba hata moja iliyorudishwa kutiwa kiraka. Nyavu zinarudi zimechanika, maturubai yanarudi yametoboka, kamba zangu kimya. Nikatembea bandarini kifua mbele, eti hakuna anayeshona kama mimi.

Mjomba, kitambaa kinachopigwa na chumvi na jua miezi nenda miezi rudi lazima kichakae. Mimi fundi, nimeshika sindano tangu sijaolewa, na hilo halikunijia akilini. Lilimjia mwenzangu wa meza ya pili, yule asiyefungua mdomo ila kwa chai. Siku moja aliuliza tu, hizi kamba mbona hazichakai?

Juzi meli moja ilipofunga gatini nilipanda kwa kisingizio cha kupima turubai. Kamba yangu niliikuta stoo, ndani ya plastiki yake, na fundo nililolifunga mwenyewe halijaguswa. Mpishi wa meli, mtu mchangamfu, wala hakuona haya kunieleza. Mkataba unataka kamba iwemo melini, basi. Mkaguzi anakuja hapa hapa gatini, anaiona, anaipiga picha, anashuka. Huko baharini ikifungwa inajisokota na mshipi, kazi inachelewa, nahodha anawaka.

“Meli ya jirani angalau wanaitumia, dada,” akaniambia, akinyoosha kidole.

Nikageuka, nikaona soksi na fulana za mabaharia zimeanikwa katikati ya vitambaa vyangu vyekundu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikahitaji kukaa chini, na nilipokaa ndipo kilio kikaja.

Hili linalofuata lisome ukiwa umekaa. Yule mpishi alikuwa ametia funguo zake za stoo kwenye pete ya chuma, na ile pete ina herufi, kama zile mnazowavisha ndege wenu miguuni. Aliitoa mguuni mwa ndege mkubwa mweupe aliyepandishwa na mshipi, ameshakufa maji, ndoano ingali mdomoni. Nilipoiomba alinipa bila kinyongo, akatafuta uzi wa kufungia funguo. Nimeitazama kwa mwanga wa dirishani na nje kwenye jua, nikiomba macho yangu yawe mabovu. Herufi ni zile zile ulizoniandikia: ni yule jike mwenye kiota mlangoni pako, unayemwita Bibi Harusi. Hakucheleweshwa na upepo, Mjomba, kama ulivyodhani.

Jana ofisa wa mradi wa kamba alipita karakanani, katoka mkutano wa nchi za mkataba na begi lao jipya begani. Walikuwa wapitishe kwamba kamba ifungwe na mtu awemo melini wa kuhakikisha. Nchi moja haikuridhia, na kwa utaratibu wao mmoja akikataa wote wamekwama. Habari ya kupunguza uvuvi nayo imeahirishwa, ingawa jodari wanaoshushwa siku hizi ni wadogo hata wapagazi wanataniana kwamba hawa wametolewa chekechea. Nikamwonyesha pete. Machozi yalimlengalenga, masikini, akasema ataipeleka mkutano ujao, mwaka kesho kutwa. Nikamnyang'anya. Halafu akatuachia oda mpya, kubwa kuliko zote zilizopita. Tutazishona. Watoto wangu wanakula kutokana na hizo kamba na sina kazi nyingine.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usisaini. Rudi. Chumba cha uani Mama ameshatoa magunia yaliyokuwemo, na hajasema anamtayarishia nani. Ndege hao umewalinda tangu nina meno ya utoto, na huko kisiwani hakuna anayewaua. Wanauawa huku kwetu, na huku tumeshindwa.

Ila kabla hujaondoka nina ombi. Umeandika kwamba yule dume wake Bibi Harusi bado amelalia yai peke yake, amekonda, na kwamba hatainuka mpaka mwenzake aje kumpokea. Najua kanuni za kazi yenu haziruhusu kugusa kiota. Kiguse. Mwondolee lile yai, ainuke, aende akale.

Mama anakusalimu na anasema usije na zawadi, njoo na afya. Kaka zangu wote wawili wanakusalimu, na watoto wanauliza kama utalala kwetu moja kwa moja. Pete nakutunzia. Mwenyezi Mungu akulainishie safari, akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Sindano.

N.B. Nimerudi gatini kabla ya kufunga bahasha. Meli zote zimeng'oa nanga asubuhi hii kuelekea upande wenu, na chambo tele. Nimekuambia umwinue yule dume akatafute chakula, na sasa sijui atakipata wapi kisicho na ndoano ndani yake. Fanya utakavyoona, Mjomba. Mimi sijui tena nikuambie nini.