Stendi ya Wifi Imeangusha Keki Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo utanisamehe mwandiko na nukta, lakini keki naoka mwaka wa kumi na nne huu na keki yangu haijawahi kumdhuru mtu, mpaka mwezi uliopita, na hata hapo siyo keki iliyodhuru, ni stendi, na stendi siyo yangu, ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, anayepamba kumbi za harusi, na leo ninavyokuandikia mtaa mzima wananiita Keki Chini, hata muuza mkaa, mtu asiyejua kuoka hata mkate, ananipita na toroli lake anasema umeamkaje Keki Chini, jamani!

Nikueleze taratibu maana hasira zikipanda naanza kuruka mambo. Keki huwezi kuipamba imekaa tu mezani, utaizunguka wewe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unaiweka juu ya kizungushio, kile kisahani chenye mguu kinachozunguka, mkono mmoja unasukuma taratibu, mwingine umeshika kibao cha kusawazishia krimu, umetulia, keki inakuja yenyewe. Cha kwanza nilinunua cha plastiki kwa sababu kilikuwa na rangi nzuri, kumbe chepesi, kinayumba, krimu inatoka na mawimbi mpaka mteja mmoja akaniuliza mama hii ni keki au bati la nyumba, nikacheka lakini iliniuma. Ndiyo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akachukua beringi ya gurudumu la pikipiki, chini akaweka bamba la chuma, akaniundia kizungushio kizito cha kubebwa na watu wawili, kibaya cha sura kama fundi mwenyewe, lakini ukikigusa kinazunguka bila kelele na ukikiacha kinasimama, na mwaka wa kumi na moja huu hakijawahi kuniangusha. Wifi alipokiona alisemaje? "Wifi, hiki ni kizungushio au jiwe la kusagia?" Mbele ya wateja wangu! Nikacheka na wao, nifanyeje.

Basi mwaka huu yeye akanunua stendi ya kwake, siyo ya kupambia, ya kuwekea keki ukumbini, juu kioo, pembeni shanga zinaning'inia, na inazunguka. Akaja nayo kwangu imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Wifi, keki za siku hizi hazisimami kama mlinzi wa geti. Zinazunguka, wageni wazione pande zote."

Nikamwambia, "Wifi yangu, kinachozunguka ni cha jikoni. Ukumbini watu wanakuja na kisu, hawaji kucheza nayo. Halafu tazama hicho kioo, kidogo kuliko ubao wa keki yangu, ubao utatokeza nje kiganja kizima kila upande."

"Wewe oka, mimi nipambe," akasema, akaifunga kanga yake akaondoka, hata chai hakumaliza.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, jirani yetu, watu wema hao, binti ana adabu mpaka unamwonea huruma. Nikaoka ghorofa tatu, krimu nyeupe, nikainyoosha kwenye kizungushio changu mpaka ikawa laini kama ukuta wa benki, maua nikayafinyanga mwenyewe siku mbili. Ikapandishwa kwenye kioo cha wifi, ikazungushwa, muziki ukapigwa, watu wakapiga vigelegele, mshereheshaji akapiga kelele nusura meno ya bandia yamtoke, mimi nilikuwa karibu nikaona akiyarudisha kwa ulimi. Wakaitwa maharusi wakate. Bi harusi akachoma kisu ghorofa ya chini, pembeni, akasukuma. Stendi ikageuka! Kisu kimo ndani, keki inakwenda, bi harusi anaifuata keki, bwana harusi anamfuata bi harusi, wamezunguka meza nusu nzima, watu wanadhani ni mtindo mpya wanapiga makofi, mara ubao ukainama, ghorofa ya juu na ya kati zikaondoka pamoja, zikamwangukia mama wa bwana harusi aliyekaa mbele kabisa na gauni lake la dhahabu. Krimu mpaka kwenye kilemba. Halafu akajifuta shavu kwa kidole, akalamba. Nilimwona. Akalamba tena.

Sasa sikiliza dhuluma. Wifi akachukua kipaza sauti, kipaza sauti, mshauri, siyo kunong'ona, akasema, "Ndugu wageni tunaomba radhi, mwokaji wetu keki yake ilikuwa laini mno leo." Laini! Ubao umechungulia nje ya kioo kama ulimi, stendi imezunguka kama feni, halafu keki ndiyo laini! Bi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni na picha ya kukata keki hana mpaka leo.

Na mambo hayajaisha. Binti yangu mwenyewe anaolewa wiki tatu zijazo, na kikao cha harusi ni Jumamosi hapa kwangu. Keki ya binti yangu nimeiota tangu ana meno mawili, nilimlea anasimama kwenye kigoda analamba mwiko. Shangazi yake kashamwahidi stendi ileile ya shanga, na yeye anaitaka, eti itapendeza kwenye video. Nikamwambia ile stendi ikiingia mimi natoka. Unajua alinijibu nini? "Mama, wewe na shangazi msipoelewana kabla ya Jumamosi, keki naagiza kwingine. Sitaki kusimama katikati yenu nimeshika kisu." Mtoto niliyemzaa! Baba yake nikimshtakia ananiambia, "Yule ni dada yangu, wewe ni mke wangu, mimi nipeni chumvi." Ni fundi saa, kazoea kuongea na vitu vidogo.

Halafu kuna kidude kimoja nilisahau kukueleza, siyo kikubwa. Ile stendi chini ya kioo ina skrubu, ukiikaza haizunguki, ukiilegeza inazunguka. Siku ile wifi aliitoa kabisa ili izunguke vizuri akaiacha kwenye kitambaa cha meza, nikaiona nikiwa naweka ua la mwisho. Nikaiokota nimpelekee, haki ya Mungu nilikuwa nampelekea, ndiyo akaja na mpiga picha akaniambia, "Wifi sogea basi, na hilo aproni lako unatuharibia picha." Nikasogea. Skrubu nikaitia kwenye pochi, nikaenda zangu kukaa, nikasema moyoni ajijue. Mpaka leo iko pochini. Mume wangu alikuwa anatafuta ufunguo akaiona, akaigeuzageuza, akasema, "Hii si ya saa." Akaniangalia. Nikaenda kukata vitunguu.

Sasa nataka Jumamosi niitoe kikaoni mbele ya ukoo wote waone nani aliangusha keki, lakini nikiitoa wataniuliza niliipata saa ngapi. Nisipoitoa nitazikwa na jina la Keki Chini. Niitoe nisiitoe? Na binti yangu tumwekee stendi ipi?

Ni mimi ninayeonewa,
Keki Chini

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa bi harusi, maana hilo jina lingine sitakuita.

Nusu ya kwanza ya barua yako niliisoma kwa hasira, na hasira zangu zilikuwa upande wako. Wifi yako amekosa na amekosa tena. Alionywa na mtu anayeijua kazi, akamjibu kwa kejeli. Aliweka ubao mpana juu ya kioo kidogo. Alitoa skrubu akaisahau. Halafu akashika kipaza sauti akakusingizia mbele ya ukumbi mzima. Keki iliyo laini mno huzama, haiendi matembezi na bi harusi. Hilo hata mimi nisiyejua kuoka nalijua, na mama mkwe aliyelamba mara mbili ni shahidi wako.

Sasa tuje kwako, na usikunje uso.

Umenieleza meno ya mshereheshaji, sura ya fundi, kigoda cha mtoto, na toroli la muuza mkaa. Skrubu umeiweka ukurasa wa mwisho, karibu na vitunguu, ukaiita kidude kimoja. Mama, hicho kidude kimoja ndiyo barua. Kilichobaki chote ni shanga.

Wewe ambaye hujawahi kunyamaza tangu ulipojua kusema, siku uliyohitajika kusema maneno matatu, "Wifi, skrubu hii," ndiyo siku uliyojifunza kukaa kimya? Kwa ajili ya aproni? Wifi alikukera, sawa, angemkera yeyote. Lakini binti wa fundi cherehani alikukosea nini? Unaniambia ana adabu mpaka unamwonea huruma. Ulikaa kwenye kiti chako, skrubu pochini, ukamtazama akishika kisu. Ulitaka wifi aaibike, akalia bi harusi. Na keki yako mwenyewe uliyoifinyangia maua siku mbili ukaitoa mhanga. Naona aibu kwa niaba yako, na nadhani na wewe unaiona, ndiyo maana ulikimbilia vitunguu.

Kwa hiyo nisikie vizuri. Hiyo skrubu haitolewi kikaoni. Ukiitoa mbele ya ukoo utakuwa umemfanyia wifi kile alichokufanyia na kipaza sauti, na binti yako atakuwa katikati yenu kama alivyosema, akiwa na kisu au bila kisu. Nenda kwa wifi leo, usingoje Jumamosi, nenda peke yako. Mwekee skrubu mkononi na umwambie ulikuwa nayo kabla keki haijakatwa. Anza na la kwako. Atafoka. Muache afoke, hata kama hujazoea kusikiliza watu, maana mengine atakayosema unayastahili. Akimaliza, mwambie bila kupepesa macho: "Na wewe ulisema keki yangu ni laini, na ulijua si kweli. Jumamosi utalirudisha neno lako mbele ya ukoo wote." Akikataa, utalisema mwenyewe kikaoni, lote, na la pochi likiwemo, kwa sauti ya kawaida. Mtu aliyejisema mwenyewe hana cha kuulizwa saa ngapi.

Kisha mwende wote wawili kwa fundi cherehani. Mpelekee binti yake keki nyingine, ndogo, ya ghorofa moja, umeinyoosha vilevile. Wifi alete maua na yule mpiga picha wake. Maharusi waikate, wapate picha yao. Na safari hii, wewe na aproni lako msimame ndani ya picha.

Kuhusu stendi. Nimemuuliza mwokaji aliye jirani na ofisi yetu, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema yaleyale uliyoyasema wewe. Kinachozunguka kibaki jikoni. Cha ukumbini kisimame, kiwe kizito chini, na juu kiwe kipana kuliko ubao wa keki kwa vidole viwili kila upande. Kabla hujaweka kitu, bonyeza ukingo wake kwa kiganja kwa nguvu. Upande wa pili ukinyanyuka, rudisha ulikoitoa, hata iwe imefunikwa shanga mpaka sakafuni. Yule fundi wako mwenye sura mbaya anaweza kukuchomelea moja kwa siku moja, wifi akaivika kitambaa na shanga zake zote, na kila mtu atakuwa amefanya kazi anayoijua. Stendi yake ya kioo msiitupe, iwekeeni maua izunguke itakavyo, maua hayakatwi kwa kisu. Na binti yako akitaka keki ionekane pande zote kwenye video, mpiga video aizunguke. Miguu anayo.

Nawe utaoka. Binti yako hakusema hataki keki yako, alisema hataki vita vyenu. Lakini ukimwendea Jumamosi na skrubu bado iko pochini, ataagiza kwingine, na mimi nitamuunga mkono.

Basi mama, kunja gazeti, fungua pochi, vaa viatu.