Sufuri Nilizosahau

Landless, Thika,
19 Julai 2025.

Mpendwa kaka Muoki,

Habari za Doha? Joto limepungua, na kile kifua chako kimepoa? Huku Mama anasumbuliwa na magoti kwa hii baridi ya Julai, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Mimi siko sawa, kaka.

Unakumbuka ile programu niliandikia hospitali ndogo ya Ruiru, ya kuchapa stika za vichupa vya damu ya kupima? Stika ni ndogo kama ukucha, kwa hivyo nambari nilizigeuza kuwa maandishi ya hesabu ya kumi na sita, vile ulinifundisha: kumi inaandikwa A, kumi na tano F, kumi na sita ndiyo 10, kumi na saba 11. Kwanza tarehe, kisha nambari ya mgonjwa, nikaziunganisha. Ilianza kazi tarehe moja mwezi huu, na kwa siku kumi na sita hakuna aliyelalamika.

Alhamisi asubuhi, tarehe kumi na saba, Kagwe wa maabara akanipigia. "Kavindu, kuna mama amejifungua na anapoteza damu. Kompyuta yako inasema yeye ni grupu A. Nimepima kwa mkono mara mbili, ni O. Nani anadanganya?"

"Stika yake inasemaje?"

"111."

Nikachukua karatasi. Tarehe kumi na saba ni 11, mgonjwa wa kwanza ni 1. Lakini tarehe moja, mgonjwa wa kumi na saba, naye ni 111. Kompyuta ilikuwa imeleta majibu ya mtu mwingine. Nilisahau kuweka sufuri mbele. Sufuri tu, kaka.

"Ni makosa yangu! Msimwekee hiyo damu!"

Kagwe aliacha simu wazi. Nikasikia viatu vyake vikikimbia. Aliporudi alikuwa anahema: mfuko wa damu ya A ulikuwa umeshatundikwa, nesi ndio alikuwa anataka kuufungua.

Jana nilienda kumwona huyo mama. Anaitwa Kalondu, wa Kiandutu, na mtoto ni msichana. Alinishika mkono, akasema, "Asante sana, daktari." Nikatoka bila kumwambia mimi si daktari.

Sufuri nimeziweka, sasa ni 0111 na 1101. Nimejaribu kila tarehe na bado siamini macho yangu. Programu imezimwa, na Jumatatu nasimama mbele ya wakubwa wa hospitali. Nimekutumia programu yote kwa simu. Tafadhali isome mstari kwa mstari, usinionee huruma.

Msalimie wifi Magdalene na Kyengo mdogo. Mungu awafunike huko ugenini, na anishike mkono mimi huku.

Kesho nikitoka kanisani narudi Ruiru kumwambia Kalondu mimi ni nani. Namwogopa huyo mama kuliko wakubwa wote.

Dadako anayekupenda sana,
Kavindu