Malka ya Gona

Christine, uko? Shemeji yako Gona ameniua leo!

Si unaujua ule uzio wetu wa zamani unaokata shamba la mahindi, uliomezwa na miti ya miiba ya mathenge na mimea ya kutambaa mpaka mtoni? Ameufyeka siku tatu, upana wa lori. Tukimwambia basi, anatuita wavivu.

Asubuhi hii mzee Hiribae, yule mfugaji, kaja na ng'ombe wake wote. Kamshika Gona mkono: "Mungu akubariki. Wewe ndiye Mgiriama wa kwanza kutufungulia malka."

Malka! Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji! Katikati ya mahindi yetu!

Na Gona akajibu nini? "Karibuni."

KARIBUNI, Christine!

Sasa ananiuliza mathenge huchukua muda gani kumea tena. Nimemwambia awaulize wanaofanya kazi, mimi mvivu.