Nilisoma Kasha

Jumatatu, 9 Juni 2025
Shule imefungwa na baba mdogo Ezron kanipa kazi! Nimchagulie seva, kompyuta ya kutunzia nyaraka zote pamoja, ya ofisi yake ya kutoa mizigo mpakani. Kompyuta ziko tatu, na nyaraka za malori zinatembea kwa flashi kutoka meza hadi meza. Wiki iliyopita flashi ilipotea — dereva mmoja kalala siku mbili kwenye foleni. Nimesema tuweke mfumo wa Linux, hauna leseni ya kununua. Akajibu kwamba mimi ndiye msomi, nitakalosema ndilo. Nikatazama viatu vyangu.

Jumatano, 11 Juni
Kurasa sita za daftari: mashine zinazopatana na Linux, na zile sumbufu. Tamu kama riwaya! (Karibu.) Jioni Yonathani, anayeuza kompyuta za mtumba upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, katuma picha ya moja. Nikasoma jina kwenye kasha, nikalikuta kwenye orodha yangu. Nikasema, "Hiyo hiyo." Baba mdogo akampigia palepale, akaahidi kuichukua Jumamosi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda na Dada Rozi, karani wa ofisini, kuitazama tu. Nikaomba ifunguliwe. Yonathani akacheka: "Mune, rafiki yangu, unanunua mashine au unapasua mgonjwa?"

Ndani — si mashine ile! Anasema ndiyo kawaida yao: kasha likiwa zuri, wanaliwekea ubao wowote wa kompyuta ulio mzima. Hakuficha. Hakuna aliyemuuliza! Mimi nilisoma kasha.

Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi yangu. Imewaka vizuri, ila kadi ya mtandao haikuiona kabisa. Seva isiyo na mtandao ni kabati la bati tu.

Tuliporudi, baba mdogo alikuwa anamsimulia mteja: "Mtoto wetu kaichagua mwenyewe." Nikanyamaza. Nikanyamaza! Dada Rozi kaninong'oneza kwamba nisiposema atasema yeye, na yeye hata jina la hiyo kadi halijui.

Jumamosi, 14 Juni, dukani kwa Yonathani
Naandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nimesema. Asubuhi, njiani, kabla hatujavuka, kwa pumzi moja: nilisoma kasha, sikutazama ndani, nimekosea. Baba mdogo akaendelea kutembea mpaka getini. Halafu: "Kwa hiyo tufanyeje, mhandisi?"

Mhandisi!

Dukani nikampa Yonathani karatasi yenye majina ya kadi nne zinazopatana na Linux. Kachimbua maboksi matatu. La nne — ipo! Kaifuta vumbi kwa shati, kaichomeka. Taa ya kijani. Linux imeiona!

Sasa napima memori, maana ikiwa mbovu itaharibu nyaraka. Huu ubao nao hatujui umetoka wapi. Asilimia 40. Yonathani analalamika: "Bosi, inawaka, mtandao upo, huyu binti atapima mpaka Krismasi?" Baba mdogo anacheka. Anatazama saa.

Asilimia 58. Baba mdogo kasimama, anataka tubebe tuondoke, kuna malori yanamsubiri. Yonathani keshatafuta kamba ya kufungia.

Nimesema — kwa sauti, mpaka mteja aliyekuja kununua chaja kageuka — "Bado, baba mdogo. Kaeni kwanza."

Kakaa. Na Yonathani kaweka kamba chini.

Asilimia 61.