Ndevu za Msiba

Poiana Rece, 1 Juni 1980

Mwanangu Saveta,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ng'ombe hajambo, goti ndilo linanisumbua. Mumeo Doru hajambo? Na mjukuu wangu, ameota meno?

Jana katibu wa chama alikuja na bwana mmoja wa mkoani. Eti mwaka huu taifa linatimiza miaka elfu mbili na hamsini, na huko kwenu mjini wanataka Wadakia wa kuandamana uwanjani, wale mababu zetu wenye ndevu waliopigana na Warumi. Yule bwana aliponiona tu, akapiga makofi: "Huyu hapa! Mdakia mwenyewe!"

Nikamwambia, "Ndugu, hizi ni ndevu za msiba. Mke wangu Floarea amefariki."

"Pole sana, mzee. Basi usizinyoe hadi Julai."

Pole gani hiyo! Arobaini ya mama yako ni tarehe kumi na nne. Siku hiyo nitanyoa, kama baba yangu alivyonyoa, ili mama yako aende zake salama. Wao wakatafute mbuzi.

Baba yako

7 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ana jino moja na hasira za meno kumi.

Baba, tafadhali usinyoe. Najua ninachokuomba, na naona aibu. Jana ofisi ya nyumba kiwandani waliniita: "Baba yako ndiye Mdakia wa Poiana Rece?" Miaka minne tunalala bwenini, chumba kimoja, jiko tunagombania na familia sita. Safari hii wamesema tutapewa funguo za nyumba, ukitokea. Usipotokea hawakusema, ila karani wa ofisi alilifunga faili langu huku ananitazama.

Mama angeelewa.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu,

Salamu kwenu wote. Goti ni lile lile.

Sikunyoa. Ngano ya arobaini ilipikwa, pamoja na kokwa za jozi na sukari, majirani wakala. Wembe ulikuwa mezani, maji ya moto tayari. Yakapoa. Anghelina jirani, unaujua mdomo wake, akasema mbele ya padri, "Pamfil, marehemu unamuaga au unamzuia?"

Tangu hapo silali vizuri.

Baba yako

8 Julai

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Jua halikukuumiza?

Nilikuwepo uwanjani. Kiwanda kizima tulipangwa jukwaani, kila mtu na kadibodi yake. Filimbi ikilia tunainua, zote pamoja zinakuwa uso wa Kiongozi. Mimi nilikuwa kipande cha sikio. Wadakia walipopita tulikatazwa kushusha, kwa hiyo sikukuona. Nilisikia tu watu wanashangilia. Baadaye nilikimbia hadi getini, nikakuta malori yenu yameshaondoka.

Funguo bado. Wanasema tuvute subira.

Binti yako

30 Julai

Mwanangu Saveta,

Hatujambo, mimi na ng'ombe.

Nilivaa ngozi ya kondoo kwenye jua lile, nikamwinamia mfalme wa kuigiza, ambaye ni mwalimu wa michezo na ananuka vitunguu. Uwanja mzima ulizishangilia ndevu zangu, na hakuna aliyejua ni za nani.

Katibu amerudi. Wananitaka tena Desemba, sikukuu ya Muungano. "Ukinyoa, mzee, binti yako atasubiri sana." Nimekubali, usiwe na wasiwasi.

Lakini nikwambie ukweli. Mama yako namwona langoni. Haingii, haondoki. Nazunguka uani tangu asubuhi, kazi haishikiki. Nimechoka, mwanangu.

Baba yako

6 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea jikoni, nikalia mbele za watu. Doru alitoka, akarudi na wembe mpya.

Nakuja Jumapili na basi la asubuhi. Funguo basi tena. Mtoto atajifunza kutembea hapa hapa bwenini, ukumbi ni mrefu. Nilikuandikia kwamba mama angeelewa. Nilimsemea uongo.

Mwambie Anghelina apike ngano tena, na padri aje. Nitakunyoa mimi. Chemsha maji, safari hii hayatapoa. Katibu akiuliza ni nani amemnyoa Mdakia wake, mtajie jina langu. Faili wanalo.

Binti yako, binti wa Floarea